Mhadhiri Mpya Atambulishwe kwa Nani?

Kila unapoanza mwaka wa masomo, vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki hutoa taarifa za kuwatambulisha wahadhiri wapya. Sisi walimu wa lugha huzisoma taarifa hizo kwa hamu, hasa zile za vitivo vya insia na sayansi za jamii, kwa kuwa humo ndimo wanamotajwa wenzetu wa Kiswahili, wa historia, wa falsafa, wa elimu ya siasa na wa elimu ya jamii. Muundo wake haubadiliki. Hutangulia picha, likafuata jina, kisha shahada ya kwanza na mahali ilikopatikana, kisha ya uzamili, kisha ya uzamivu, kisha makala na vitabu. Na mwisho sentensi moja ya kusema kwamba chuo kinajivunia kumpata mtaalamu huyo. Hatuna ugomvi na orodha hiyo. Mtu aliyekaa darasani miaka ishirini anastahili kutajiwa alichosoma. Swali letu ni jingine, nalo ni la kimaadili: mtu huyo anatambulishwa kwa nani, na utambulisho huo unamwajibisha kwa jambo gani?

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ndiyo kazi yetu. Kiswahili hutofautisha kujulisha na kutambulisha. Kumjulisha mtu habari ni kumpa asichokuwa nacho. Kumtambulisha mtu ni kumfanya atambuliwe, na kutambua ni zaidi ya kujua; kwani waweza kujua kwamba yuko mtu fulani duniani, na bado usimtambue akipita mbele yako. Mgeni anapoletwa nyumbani kwa watu, maswali huwa manne: ni nani, ni wa nani, ametoka wapi, na amekuja kwa jambo gani. Taarifa za vyuo hulijibu swali la kwanza barabara. La tatu hulijibu kwa kutaja chuo alikosomea. Lakini hilo la pili na hilo la nne, ambayo ndiyo wazee huyauliza kwa sauti ya chini baada ya chakula, hayaguswi.

Na hao waliotuundia istilahi za elimu ya juu hawakuwa watu wa mzaha. Kitivo, kabla hakijawa jina la sehemu kuu ya chuo kikuu, ni mahali penye rutuba, penye kuotesha. Insia imetoka katika insi, yaani binadamu, neno lile lile tunalolitumia tunapotaja insi na majini. Mhadhiri ana asili moja na hadhara: ni mtu ajaye mbele ya watu. Na uzamivu ni kazi ya kuzama. Katika uvuvi wa lulu wa zamani wa Ghuba, mzamiaji alishuka chini kwa kamba, na mwenzake aliyebaki chomboni ndiye aliyeishika ncha ya pili, akaingoja ishara na kumvuta. Kwa hiyo neno uzamivu, likitazamwa vizuri, linadai watu wawili: anayezama na anayeshika kamba. Taarifa zetu humtaja wa kwanza tu.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tunawasumbua wahadhiri wa insia na sayansi za jamii peke yao. Mbona mhadhiri wa kemia hatumdai ajulishwe kwa chumvi na magadi? Jibu ni rahisi, nalo ndilo msingi wa hoja yetu yote. Chumvi haisomi kitabu kilichoandikwa juu yake. Haina jina la kuharibiwa, haina babu wa kutukanwa, wala haitabadili mwenendo wake kwa sababu imesikia inavyosemwa. Mwanakemia akikosea, chumvi inabaki vile vile, na mwanakemia mwingine atakuja kusahihisha. Walakini mtu anayechunguza jinsi watu wanavyoomba, wanavyooana, wanavyogombea ardhi na wanavyosema, anashughulika na viumbe wenye masikio. Anachokisema kitawarudia. Kitaingia katika vitabu vya shule, katika sheria, katika maamuzi ya nani ni mwenyeji na nani ni mkuja. Mhadhiri wa namna hii, atake asitake, ni msemaji wa watu ambao hawakumtuma.

Mfano mmoja twaujua wote, ila haukumbukwi inavyopasa. Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, alikwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma. Alisoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha mwaka 1960 akaingia Oxford kusoma elimu ya jamii za watu. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na usomi wa Kimagharibi, kilichotolewa Nairobi miaka ya 1970, anaeleza yaliyomkuta katika mhadhara wa kwanza kabisa: mwalimu aliwataja Waafrika na watu wengine wasio wa Magharibi kwa majina ya ushenzi na unyama, tena si mara moja. Okot alipinga. Upinzani wake haukufua dafu.

Yafaa tutue hapa kidogo. Bila shaka mwalimu yule alikuwa na vyeti vyake vyote. Oxford ilimjua na kumkubali. Kama ingaliandikwa taarifa ya kumtambulisha, isingalikosa kitu. Ila alikuwa ametambulishwa upande mmoja tu. Wale aliokuwa akiwasema hawakupata kamwe kumuuliza swali la nne: umekuja kwa jambo gani? Na siku ile ikatokea, kwa bahati ambayo utaratibu wa chuo haukuitarajia, kwamba mmoja wa wanaosemwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi na anasikia. Kilichomfedhehesha mwalimu yule mbele ya historia si upungufu wa elimu, bali ni mazoea ya kusema juu ya watu mahali ambapo watu hao hawapo. Mazoea hayo hayakuwa ya Waingereza peke yao, wala hayajaisha. Tumekwisha sikia wahadhiri weusi kama sisi wakiwasema wafugaji wa Karamoja kwa maneno ambayo Okot angeyatambua mara moja.

Wala tusidhani kwamba adabu ya maneno yatosha. Mtu aweza kusema kwa heshima tupu na bado asiwe ametambulishwa kwa anaowasema. Hapa Makerere, katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, mkurugenzi wake Audrey Richards aliongoza uchunguzi mkubwa juu ya wafanyakazi waliohamia Buganda, wengi wao kutoka Ruanda-Urundi ya siku zile. Kitabu kikatoka mwaka 1954. Ni kazi ya uangalifu, na wanahistoria wanaitegemea mpaka leo. Lakini kilikuwa cha Kiingereza, na wale waliopalilia pamba na kahawa katika kurasa zake walisema Kinyarwanda, Kirundi na Luganda. Kamba ya mzamiaji ilishikwa London. Hatusemi haya ili kumlaumu mama yule, aliyefanya kazi kwa masharti ya zama zake. Twasema ili ionekane kwamba deni tunalolizungumzia halilipwi kwa ukarimu wa moyo peke yake. Linahitaji lugha, na linahitaji mtu wa upande wa pili.

Basi, je, deni hili ni la mgeni tu? Akiwa mhadhiri ni mwenyeji, mtoto wa hapa, hana haja ya kutambulishwa? Wengi hudhani hivyo, na twaona wanajidanganya. Tumwangalie Ali Mazrui, ambaye kwa Waswahili si mgeni hata kidogo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933 katika ukoo wa wanazuoni. Alianza kufundisha elimu ya siasa Makerere mwaka 1963, akapewa uprofesa mwaka 1965, yaani mwaka mmoja kabla ya kuipata shahada yake ya uzamivu kutoka Oxford. (Siku hizi kamati ya ajira ingemrudishia barua yake kwa kukosa kiambatanisho.) Mwaka 1966 alitoa mhadhara wa kuuzindua uprofesa wake, na mada aliyoichagua ilikuwa Ugiriki ya kale katika fikra za kisiasa za Afrika.

Wako waliolicheka jambo hilo: Mswahili wa pwani anafika Kampala, anasimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza kama profesa, na anazungumza juu ya Wagiriki! Sisi hatucheki. Mada ile ilikuwa na maana yake. Wakoloni walidai kwamba wao ni warithi wa Ugiriki na kwamba sisi hatumo katika urithi huo. Kuichukua Ugiriki na kuuliza Waafrika wameifanyia nini ni kuvunja uzio. Zaidi ya hayo, twaupenda ule utaratibu wenyewe wa mhadhara wa uzinduzi, ambao katika vyuo vingi umekuwa kama sherehe ya mavazi tu. Huo ndio utambulisho wa kweli kuliko taarifa yoyote: mtu hatajwi, anasimama mwenyewe, hasomewi shahada zake, anasema anachokifikiri, na aliyekuja kusikiliza aweza kuondoka akiwa amekubali au amekataa. Tunachokiuliza ni kitu kimoja tu, nacho chahusu wote waliopata kusimama pale kabla yake na baada yake: milango ya ukumbi ilikuwa wazi kwa nani, na aliyeingia bila Kiingereza angeondoka na nini?

Hapo tumeelekea upande mmoja. Haki yatutaka tugeuke, kwa kuwa upande wa pili wa jambo hili una damu.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa sana siku za kuwakaribisha wafanyakazi wapya, na mara nyingi hutumiwa vibaya, kama kwamba maana yake ni kumwambia mgeni afanye anayoagizwa. La hasha. Anayepewa jembe amepewa imani. Jembe lina makali. Huwezi kumkabidhi mtu unayemwogopa, wala huwezi kumpa jembe bila kumwonyesha shamba. Na tangu siku ile anapolima, yeye si mgeni tena: ana sauti katika mambo ya mavuno. Mwenyeji anayetoa jembe kisha akamshika mgeni mkono na kumwongoza kila pigo, huyo hakutafuta mkulima, ametafuta mtumwa.

Uganda imejifunza hili kwa gharama kubwa. Makerere ilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Frank Kalimuzo. Mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, alikamatwa na hakuonekana tena. Mwaka uliofuata Mazrui naye akaondoka nchini. Kwa mtu kama Kalimuzo, kutambulika na watu kulikuwa ni kutambulika pia na wale waliotaka anyamaze. Kwa hiyo tunapodai kwamba mhadhiri wa mambo ya binadamu atambulishwe kwa umma, awajibike kwa umma, ajibu swali la amekuja kwa jambo gani, hatuna budi kusema kwa sauti ile ile kwamba umma si ofisi. Serikali hujiita umma. Chama hujiita umma. Hata baraza la chuo, siku likibanwa, hujiita umma. Mhadhiri ana deni kwa watu anaowachunguza. Lakini deni hilo ni la kuwaambia kweli kadiri anavyoiona, si la kuwapendeza, sembuse kuwapendeza wanaowatawala. Pakitokea mgongano, kweli itangulie. Tunalisema hili tukijua kuwa ni rahisi kuandikwa katika jarida na gumu kutendwa mbele ya mtu mwenye bunduki.

Na mwenyeji naye ana wajibu wake, ambao kwa maoni yetu umetupwa zaidi kuliko ule wa mgeni. Mtu hutambulishwa kwa picha kubwa, kisha hapewi shamba. Ofisi hana; vitabu hamna; mkataba ni wa miezi michache. Halafu huambiwa, tena hadharani, kwamba somo lake halina faida kwa taifa. Mwaka 2022 walimu wa sekondari nchini Uganda waliuona msimamo huo ukiandikwa kwa tarakimu: mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na ule wa mwalimu wa sanaa, akiwemo wa Kiswahili, ukaachwa nyuma sana. Mwezi Juni chama cha walimu kikaitisha mgomo. Wanafunzi waliokuwa madarasani mwaka ule ndio wanaoingia vyuoni sasa. Wamejifunza tayari, bila kufundishwa na yeyote, ni jembe la nani lililo jepesi. Mbele yao ndipo tunapomsimamisha mhadhiri mpya wa historia au wa lugha na kuwaambia kwamba chuo kinajivunia kumpata.

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana haifai kuwadai wengine tusichojidai. Mhadhiri mpya wa Kiswahili katika nchi kama Uganda ana mzigo ambao mwenzake wa Dar es Salaam hana. Huko, lugha yake ilimtangulia na kumtandikia mkeka. Huku ilimtangulia ikiwa imevaa buti. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga waziwazi, kwa kuona kwamba lugha ngeni ingeudhoofisha Uganda wa watu wake na hadhi ya Luganda. Baadaye Kiswahili kikakaa zaidi kambini, kwa askari na polisi. Mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo wako wazee wengi, na si Buganda tu, ambao Kiswahili walikisikia kwa mara ya kwanza usiku, mlangoni, kikiamuru wafungue. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Twafurahia maamuzi hayo. Lakini hakuna azimio la mawaziri linaloweza kumfutia mzee kile alichokisikia mlangoni.

Je, mhadhiri huyu atambulishwe vipi? Iko njia ya mkato, nayo hupendwa: kunyamazia yaliyopita, na kukitangaza Kiswahili kuwa lugha ya umoja, ya biashara, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote hayo ni kweli. Lakini anayeanza kwa hayo peke yake anawatendea wasikilizaji wake kama watoto. Sisi twaona kwamba mwalimu wa Kiswahili anayeingia katika chuo cha nchi hii ana wajibu wa kuitaja historia hiyo kwa kinywa chake mwenyewe, mapema, kabla hajaulizwa. Kisha aseme kwa nini, pamoja na hayo, anaona lugha hii yafaa kujifunzwa. Huko ndiko kujibu swali la umetoka wapi. Atakayejibu hivyo huenda akapingwa na wazee, nasi twaliona hilo kuwa afadhali kuliko makofi ya watu wasioamini. Isitoshe, ajifunze lugha ya mahali. Mwalimu wa lugha anayekaa Gulu miaka kumi bila salamu ya Kiacholi amewafundisha wanafunzi wake jambo moja zaidi ya sarufi, nalo si zuri.

Kuna wenzetu wanaotupinga wakisema kwamba elimu ya juu ina lugha yake. Kwamba nadharia haziwezi kusemwa kwa mpishi wa chuo au karani wa masjala bila kuvunjika. Na kwamba kumtaka mhadhiri ajieleze kwa watu wote ni kuishusha elimu. Hoja hii ina uzito, tusiidharau. Yako mambo ambayo hayasemeki kwa ufupi. Mtu aliyezamia hati za kale kwa miaka kumi huenda hana la kuuambia umma mwaka huu, na tukimlazimisha atatupa porojo. Basi na aseme hivyo hivyo: ninasoma hati hizi, sijui bado zitasema nini. Hilo lasemeka kwa lugha yoyote, na mpishi atalielewa kuliko mtu yeyote, kwani naye ajua kilichoko motoni hakionjwi mapema. Ama kuhusu uwezo wa lugha, swali hilo lilijibiwa kwa vitendo mwaka 1970, Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na masomo yake yakafundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Fonolojia ikasemwa, uhakiki ukasemwa, istilahi zilizokosekana zikaundwa, na wanafunzi hawakupungukiwa na akili. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wameuliza Nairobi kwa nini idara ya Kiingereza iwe ndiyo kitovu, na fasihi ya Afrika ikae pembeni kama jamaa wa mbali. Lile nalo lilikuwa, kwa namna yake, swali la utambulisho: tunajitambulisha kwa nani kwanza?

Linabaki jambo la wakati, ambalo twaona halijafikiriwa. Vyuo humtambulisha mhadhiri wiki anayofika, angali hajui njia ya kwenda maktabani. Methali haikufanya haraka hivyo. Ilitoa siku mbili. Siku hizo mbili si za kustarehe. Ndizo siku ambazo mgeni anatazama nyumba inavyokaa, na nyumba inamtazama yeye. Tungependa kuona kitivo kimoja, hata kimoja tu, kikijaribu kumpa mhadhiri mpya wa insia muhula mmoja au miwili ya kusikiliza: ahudhurie madarasa ya wenzake, akae na watu wa eneo analokusudia kulichunguza, ajifunze lugha yao kiasi cha kuuliza maji. Baada ya hapo ndipo atambulishwe, katika ukumbi ulio wazi, na katika watu wa kumtambulisha awemo japo mmoja asiye na shahada. Shahada zake zibandikwe ubaoni. Yeye aeleze swali alilokuja nalo, na jinsi lilivyobadilika tangu afike, kama limebadilika.

Tulipolieleza wazo hili kwa mkuu wa kitivo kimoja, hakulikataa. Aliuliza tu nani atayafundisha madarasa manne aliyokwisha mpangia mhadhiri huyo kuanzia Jumatatu.